Baragumu la Kinga: Jinsi Chanjo ya Malaria Ilivyopata Nguvu

Katika vita vingi vilivyopiganwa kwenye nchi za joto, mbu amewalaza askari wengi kuliko risasi. Wazee wetu waliopelekwa Burma mwaka 1944 na jeshi la King's African Rifles walilijua jambo hili vizuri. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ilipita katika bonde la Kabaw, bonde lililoogopwa kwa malaria kama lilivyoogopwa kwa Wajapani. Silaha yao dhidi ya homa ilikuwa kidonge cha manjano cha mepakrini, na amri ilikuwa kimezwe kila siku, apende askari asipende.

Wala mambo hayo hayakwisha pamoja na vita ile. Mwaka 2003 askari wa majini wa Marekani waliteremka Monrovia, Liberia, kwa siku chache tu. Kati ya askari 225 waliolala nchi kavu, 80 waliugua malaria. Jeshi lenye meli, ndege na maarifa ya karne hii lilipoteza zaidi ya theluthi ya kikosi chake kwa wadudu wadogo wasioonekana gizani. Dawa ya kujikinga walikuwa nayo. Wengi hawakuimeza kama ilivyopasa.

Basi si ajabu kwamba sehemu kubwa ya utafiti wa chanjo ya malaria imefanywa na watu waliovaa sare. Leo tunapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi upande mmoja wa kazi hiyo ambao hausemwi sana, nao ni jinsi wataalamu walivyotafuta namna ya kuiamsha kinga ya mwili. Tunaiandika habari hii kwa kuwa matunda yake yameshafika mlangoni kwetu. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Uganda tarehe 2 Aprili 2025, huko Apac, na watoto wa makambini mwetu ni miongoni mwa wanaostahili kuipata.

Kwanza tumtazame adui. Mbu jike wa anofelesi akiuma huacha katika ngozi vijidudu vichache, makumi au mamia tu, vyembamba kama uzi. Baada ya muda mfupi baadhi yao huwa vimekwisha kufika kwenye ini. Humo hujificha kwa muda wa juma moja hivi, kila kimoja kikizaa makumi ya maelfu, kisha hutoka na kuvamia damu. Hapo ndipo homa inapoanza. Chanjo inayotaka kumshinda adui huyu mapema inayo nafasi fupi ya kumdaka njiani na siku chache za kumsaka mafichoni. Akishaingia katika damu amekwisha kuwa jeshi kamili.

Tabu kubwa ya watafiti ilikuwa hii: ukichukua kipande cha ngozi ya kijidudu hicho na kumdunga mtu, kinga ya mwili hukitazama kama mlinzi aliyechoka atazamavyo mpita njia. Hukiona, lakini hakimshtui. Kuonyeshwa sura ya adui hakutoshi. Lazima pawepo na mlio wa hatari.

Ishara za mwilini

Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupeana habari kwa protini ndogo sana ziitwazo saitokini. Chembe moja huitoa, nyingine huipokea na kuitii. Ya kwanza kufahamika vizuri iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, nao wakaiita interferoni. Tangu wakati huo zimejulikana nyingi. Iko interferoni-gama, ambayo huiamrisha chembe ya ini iliyovamiwa itengeneze hewa ya sumu ya kumwua kijidudu aliyejificha ndani yake. Iko intalukini-12, ambayo huamrisha interferoni-gama itolewe. Iko nyingine yenye jina refu mno linalofupishwa kwa herufi GM-CSF, ambayo kazi yake ni kuziita na kuzikomaza zile chembe zinazobeba sura ya adui na kuwaonyesha wapiganaji.

Katika kambi, baragumu moja hulia na kila mtu hujua kama ni la kuamka, la chakula au la hatari. Ndivyo ilivyo mwilini, ila huko mabaragumu ni mengi na hulia kwa pamoja, na kila kundi la chembe husikia lile linalolihusu.

Watu walianza kulipuliza baragumu hili kabla hata ya kulijua. Mnamo 1925 daktari wa mifugo wa Ufaransa, Gaston Ramon, alikuwa akiwachanja farasi ili kupata dawa ya dondakoo. Aliona kwamba farasi waliovimba na kutunga usaha pale walipodungwa walitoa kinga nyingi zaidi kuliko wenzao. Akaanza kuchanganya chanjo na vitu vya kuchokoza mwili kwa makusudi, ikiwa ni pamoja na makombo ya mkate na tapioka, ambayo msomaji anaifahamu, maana hutokana na muhogo. Mwaka uliofuata Alexander Glenny wa Uingereza alionyesha kwamba chumvi ya aluminiamu hufanya kazi hiyo vizuri, na kwa miongo mingi baadaye hiyo ndiyo iliyokuwa kichocheo cha chanjo karibu zote zilizohitaji kichocheo.

Lakini malaria haikutishwa na aluminiamu. Mwaka 1987 taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani iitwayo Walter Reed iliijaribu chanjo ya protini ya kijidudu iliyochanganywa na chumvi hiyo. Watu sita waliochanjwa walikubali kung'atwa na mbu wenye malaria. Mmoja tu ndiye aliyesalimika. Miongoni mwa waliougua walikuwamo watafiti wenyewe, Ripley Ballou wa jeshi la nchi kavu na Stephen Hoffman wa jeshi la majini. Sisi tuliofundishwa katika shule ya maofisa kwamba kiongozi hatumi askari mahali asipothubutu kwenda mwenyewe, hatuna budi kuwapigia saluti.

Kulipuliza baragumu kwa nguvu

Hoffman na wenzake, akiwemo Bibi Martha Sedegah, walijiuliza swali ambalo mtu yeyote wa vita angejiuliza. Ikiwa amri za mwili zinajulikana kwa majina, kwa nini tusizitoe sisi wenyewe? Mwaka 1994 walionyesha kwamba panya waliodungwa intalukini-12 walikingwa na malaria ya panya. Mwaka 1997 walitangaza jambo kubwa zaidi: kima saba waliodungwa dawa hiyo mara moja, siku mbili kabla ya kuambukizwa malaria ya kima, wote saba hawakuugua. Hawakupewa chanjo yoyote. Walipewa amri peke yake, na ini likatii.

Msomaji aweza kudhani kwamba hapo kazi ilikwisha. Haikwisha, na sababu yake inatisha. Intalukini-12 ilikuwa ikijaribiwa pia kwa wagonjwa wa saratani ya figo. Katika jaribio la mwaka 1995 wagonjwa 17 walipewa dozi ya kila siku ambayo katika jaribio lililotangulia ilikuwa imevumilika. Mara hii 12 walilazwa hospitalini na wawili walifariki. Uchunguzi ulionyesha tofauti moja iliyokuwa imepuuzwa. Katika jaribio la kwanza kila mgonjwa alipewa dozi moja ya kupima majuma mawili kabla ya dozi za kila siku. Katika la pili hatua hiyo iliondolewa. Mwili uliokwisha kusikia mlio huo mara moja ulijua kujizuia, bali mwili uliousikia ghafla na kwa mfululizo uliitika kwa nguvu zake zote na kujiangamiza.

Hili halikupasa kumshangaza mtu aliyewahi kuugua malaria. Ile homa, kule kutetemeka, maumivu ya viungo na kichwa, hayo yote kwa sehemu kubwa ni kazi ya saitokini zetu wenyewe. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa Gambia na kutangazwa mwaka 1990 uliona kwamba saitokini moja iitwayo TNF ilikuwa nyingi zaidi katika damu ya watoto wenye malaria ya ubongo waliofariki kuliko katika damu ya waliopona. Amri ile ile inayomwua adui ikizidi huiteketeza nyumba.

Basi jeshi la majini likajaribu njia ya upole zaidi. Badala ya kudunga saitokini yenyewe, lilidunga maandishi yake, yaani kiduara kidogo cha DNA kinachoufundisha msuli kuitengeneza kidogo kidogo pale pale. Mwaka 2000 na 2001 watu wazima 32 waliojitolea waligawanywa katika vikundi vinne. Wote walipewa chanjo ya viduara vitano vya protini za malaria. Kikundi kimoja kiliishia hapo. Vingine vitatu viliongezewa kiduara cha sita, cha GM-CSF, kwa vipimo vya mikrogramu 20, 100 na 500. Panya walikuwa wamenufaika sana na mchanganyiko wa namna hiyo. Watu walidungwa mara tatu, kwa mtambo usio na sindano unaosukuma dawa kwa shinikizo, kisha wakang'atwa na mbu watano kila mmoja.

Hakuna hata mmoja aliyekingwa.

Chanjo haikumdhuru mtu, na chembe zao za kinga zilionyesha dalili ya kuamka, lakini kingamwili hazikutokea na vijidudu vilipita. Ndugu zetu wa mawasiliano watatuelewa tukisema kwamba redio ilikuwa nzima na mtumaji alikuwa hodari, ila ujumbe ulitumwa kwenye masafa ambayo wapiganaji walikuwa hawayasikilizi. Panya si mtu, na amri moja, hata ikiwa sahihi, si mpango wa vita.

Gome la mti wa Chile

Wakati huo huo wenzao wa nchi kavu, wa Walter Reed, wakishirikiana na kiwanda cha dawa cha Ubelgiji, walikuwa wameshika njia nyingine. Wao hawakuchagua amri ya kutoa. Walitafuta kitu cha kuushtua mwili ili utoe amri zake wenyewe, kwa mpangilio wake wenyewe. Protini ya malaria waliiambatanisha na protini ya virusi vya homa ya ini, wakaiita RTS,S. Kisha wakaichanganya na vichocheo vya aina tatu tofauti ili kulinganisha.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1997, nasi tunayaona kuwa miongoni mwa mambo ya kukumbukwa katika historia ya tiba. Protini ilikuwa moja katika makundi yote matatu. Waliopewa kichocheo cha kwanza, chenye chumvi ya aluminiamu, walikuwa wanane, na mmoja tu alikingwa. Wa kichocheo cha pili, cha mafuta na maji, walikuwa saba, wakakingwa wawili. Wa kichocheo cha tatu walikuwa saba pia, na kati yao sita walikingwa. Watu sita wasiochanjwa waliugua wote. Picha ya adui ilikuwa ile ile kwa kila mtu. Tofauti ililetwa na mlio wa hatari.

Kulikuwa na nini katika kichocheo hicho cha tatu? Vitu viwili vya asili. Kimoja kinatokana na ganda la bakteria wa jamii ya salmonela, likiisha kupunguzwa sumu. Mwili unakifahamu kitu hicho tangu zama za kale kuwa ni alama ya adui. Cha pili hutolewa katika gome la mti wa quillaja unaoota Chile, ambao wenyeji wake wamelitumia tangu zamani kama sabuni kwa sababu hutoa povu. Baadaye mafuta yaliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na vifuko vidogo mno vya shahamu, na kichocheo kikapewa jina la AS01.

Wataalamu wamefuatilia kinachotokea baada ya sindano hiyo. Dawa husafiri kutoka kwenye msuli hadi kwenye tezi za kinga zilizo karibu. Walinzi wa mpakani mwa tezi huishtukia. Katika muda wa saa chache interferoni-gama huanza kutolewa humo humo, karibu na zile chembe zinazobeba picha ya adui, nazo huamka. Baada ya siku moja au mbili kelele hutulia. Yaani ile interferoni ambayo watu wa majini walijaribu kuiamsha kwa dawa, hapa inaamshwa na mwili wenyewe, mahali panapostahili, kwa kipimo kinachostahili, kisha inazimwa. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo tofauti kati ya amri inayotoka makao makuu ya mbali na ile inayotolewa na kamanda aliye uwanjani.

Hata hivyo hakuna aliye na siri yote ya jambo hili. Mwaka 2016 Walter Reed walitangaza kwamba dozi ya tatu ikicheleweshwa na kupunguzwa hadi sehemu moja ya tano, watu 26 kati ya 30 walikingwa, hali ratiba ya kawaida iliwakinga 10 kati ya 16. Ilionekana kana kwamba mlio mdogo uliochelewa huwasha kinga bora. Lakini mbinu ya kupunguza dozi ilipojaribiwa kwa watoto wa Ghana na Kenya, haikuishinda dozi kamili.

Kutoka Kombewa hadi Apac

Kuanzia 2009 hadi 2014 chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Vituo vya jirani zetu vilikuwamo: Kilifi, Siaya na Kombewa nchini Kenya, Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania. Watoto waliopata dozi nne kuanzia umri wa miezi 5 hadi 17 walipunguziwa malaria kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Wapo waliokidharau kiwango hicho. Sisi hatukidharau. Ilipotolewa kwa watoto wengi nchini Malawi, Ghana na Kenya kuanzia 2019, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13, na hapo havikuhesabiwa vifo vya malaria peke yake.

Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwezi wa Oktoba 2021. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2023, likapitisha ya pili, R21, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Oxford na kutengenezwa India. Hiyo ndiyo iliyoletwa kwetu. Kichocheo chake huitwa Matrix-M, na msomaji asishangae akiambiwa kwamba nacho kinatoka katika gome la mti ule ule wa Chile. Mahali ambapo malaria huja kwa msimu, na chanjo ikatolewa kabla ya msimu, ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 75 katika mwaka wa kwanza.

Kuichagua Apac kwa uzinduzi kulikuwa na maana. Katika uchunguzi uliofanywa huko mwanzoni mwa karne hii ilihesabiwa kwamba mtu mmoja aliweza kung'atwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka, idadi iliyo miongoni mwa kubwa kabisa zilizowahi kupimwa duniani. Kutoka hapo mpango ulikuwa kuzifikia wilaya 105.

Makambini tumeulizwa mara nyingi kwa nini askari mwenyewe hachanjwi. Jibu lilipatikana Gambia. Mwaka 1998 wanaume 306 wa umri wa miaka 18 hadi 45 waliingia katika jaribio la RTS,S. Katika majuma tisa ya kwanza walikingwa kwa asilimia 71. Katika majuma sita yaliyofuata kinga ilikuwa sifuri. Baragumu lilisikika vizuri, kisha kambi ikarudi kulala. Chanjo hizi mbili zilizopitishwa ni kwa ajili ya watoto, ambao ndio wanaokufa zaidi. Kwa hiyo askari aliye doria, na hasa yule aliyezaliwa kwenye baridi ya Kabale akahamishiwa kaskazini pasipo mazoea ya malaria ya huko, bado anategemea chandarua chenye dawa, mikono mirefu jioni, vidonge vya kujikinga anapoamriwa, na kupimwa damu mara tu homa inapoanza.

Kwa familia za makambini kuna jambo moja la kuangaliwa sana. Dozi ni nne: mtoto akiwa na miezi 6, 7, 8, na ya mwisho akiwa na miezi 18. Kati ya ya tatu na ya nne mna miezi kumi, na katika miezi kumi askari au polisi aweza kupewa uhamisho hata mara mbili. Dozi ya nne ndiyo inayoliamsha tena jeshi lililoanza kusinzia. Kadi ya chanjo ya mtoto na ifungwe pamoja na hati za uhamisho, na ionyeshwe katika zahanati ya kituo kipya katika juma la kwanza, maana chanjo hii haimo katika wilaya zote.

Na mama asiogope mtoto akipata joto usiku ule wa sindano. Hizo ndizo ishara tulizozieleza, zikifanya kazi yake. Afunikwe nguo nyepesi, anyonyeshwe, apewe dawa ya homa kwa kipimo alichoambiwa na mwuguzi. Mtoto akipatwa na degedege apelekwe hospitali mara moja. Vile vile homa ikiendelea apelekwe kupimwa damu bila kukawia, kwa kuwa malaria nayo huanza hivyo hivyo, na mtoto aliyechanjwa bado aweza kuipata.